Mwalimu Nyerere Kati ya Mataifa Makubwa

Msafiri anayetoka Tarime mjini kuelekea Kenya hufika Sirari, mahali ambapo kabila moja linaishi katika nchi mbili. Wakurya wa upande huu na Wakurya wa upande wa Isebania wanaoana, wanauziana ng'ombe na kuzikana. Mstari unaowagawa haukuchorwa na mzee yeyote wa ukoo. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana Afrika Mashariki kwa mstari unaoanzia pwani, ukazunguka Kilimanjaro ili mlima ubaki kwa Wajerumani, kisha ukanyooka mpaka Ziwa Victoria, kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mwaka 1890 wakakubaliana tena, na nyuzi ile ile 1 ikavushwa ziwa hadi ng'ambo ya Bukoba. Kwa watu wa Ulaya ulikuwa mpango wa usalama. Walitaka wagawane nchi za watu bila wao kwa wao kupigana.

Hata hivyo walipigana. Katika wilaya ya Serengeti yapo mabaki ya boma la Kijerumani la Ikoma. Mwaka 1917, wakati Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Naumann kilifika Ikoma kikiwa kimezunguka nusu ya nchi, kikapambana hapo na askari wa Ubelgiji waliotoka Kongo. Wabelgiji walikuwa Ikoma kwa sababu Ubelgiji na Uingereza zilikuwa upande mmoja dhidi ya Ujerumani. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, na waliobeba mizigo walikuwa Waafrika, na chakula kilichoporwa njiani kilikuwa cha Waafrika.

Miaka mitano baadaye, mwezi Aprili 1922, si mbali na hapo, alizaliwa Kambarage, mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki wa Butiama. Katika makala hii tunatazama maisha yake kwa upande mmoja tu: namna alivyojaribu kulinda nchi changa na maskini bila kuifunga kwenye mkokoteni wa taifa lolote kubwa. Tumezoea kumsimulia Mwalimu wa Ujamaa, wa Kiswahili na wa rozari. Upande huu wa maisha yake husimuliwa kidogo, na kwa maoni yetu ndio ulioligharimu taifa zaidi.

Baba yake alipewa cheo cha utemi na Wajerumani mwaka 1915, na Waingereza walipokuja wakamwacha aendelee. Mtoto aliyekulia katika nyumba hiyo hakuhitaji kitabu ili ajue kwamba bwana wa nchi anaweza kubadilika kwa vita vilivyoanzia mbali, bila mtu wa Butiama kuulizwa. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Kambarage alichunga mbuzi hadi umri wa miaka 12, ndipo akapelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kutoka hapo alikwenda Tabora, kisha Makerere mwaka 1943. Mwishoni mwa mwaka huo huo, tarehe 23 Desemba, alibatizwa akachukua jina la Julius. Alifundisha shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, na kwa msaada wa Padre Richard Walsh akapata nafasi ya kusoma Edinburgh, Uskoti, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige, binti wa Baraki, sehemu iliyokuwa wilaya ya Tarime na ambayo siku hizi ni Rorya. Kwa hiyo watu wa Tarime wana haki ya kumwita shemeji.

Mengine msomaji anayajua: ualimu wa Pugu, TANU ya tarehe 7 Julai 1954, safari ya Umoja wa Mataifa mwaka 1955, uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Tunaongeza jambo moja tu ambalo wengi hulisahau. Mwaka 1960 alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Kenya, Uganda na Tanganyika zipate uhuru pamoja kama shirikisho moja. Kwake mpaka wa Sirari ulikuwa kitu cha kufutwa. Shirikisho halikuja.

Kilichokuja, tena upesi, ni aibu ya Januari 1964. Jeshi lililorithiwa kutoka kwa Waingereza, Tanganyika Rifles, lilikuwa dogo, na maofisa wake wengi walikuwa bado Waingereza. Waingereza walipenda kuandikisha askari kutoka makabila machache waliyoyaona kuwa ya kivita, Wakurya wakiwemo, kwa hiyo yaliyotokea kambini Dar es Salaam yaligusa nyumba nyingi za Tarime. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari askari wa kambi ya Colito waliwakamata maofisa wao, wakadai mishahara zaidi na maofisa Waafrika. Uasi ukafika Tabora. Rais alifichwa, na Oscar Kambona, waziri aliyeshughulikia mambo ya nje na ulinzi, ndiye aliyetoka kuzungumza na askari wenye bunduki. Siku chache baadaye serikali iliyojivunia uhuru wake ililazimika kuwaomba Waingereza waje kuizima fujo. Tarehe 25 Januari askari wao wa majini walishuka kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, na uasi ukaisha mara moja.

Mwalimu hakujaribu kuipamba aibu hiyo. Mwezi Februari aliziita nchi za Afrika Dar es Salaam, akazieleza kilichotokea, akaomba Waingereza waondoke na nafasi yao ichukuliwe na Waafrika. Nigeria ikaleta askari wake, wakalinda Dar es Salaam wakati jeshi jipya likiundwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, chini ya Mirisho Sarakikya. Msomaji awakumbuke hao Wanigeria, tutawarudia.

Katikati ya mwaka huo huo, Julai 1964, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, walikutana Cairo. Hapo Tanganyika na Zanzibar, zikiwa zimeungana miezi mitatu tu, ndizo zilizopendekeza kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Mtu aliyetaka kuufuta mpaka wa Sirari sasa ndiye aliyesimama kuutetea. Hatuoni kigeugeu hapo. Alikuwa ameona kwamba kama kila kabila lililokatwa katikati lingedai kuunganishwa kwa bunduki, Afrika nzima ingewaka, na wa kwanza kuja kuuza bunduki na kutafuta kambi wangekuwa wale wale waliochora mistari.

Sasa tufike kwenye kisa ambacho tungependa kukikalia kidogo, kwa sababu kinaonyesha jinsi sera ya usalama ya nchi moja ya Ulaya ilivyoweza kutikisa muungano wa Unguja na bara.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Ujerumani iligawanyika. Ujerumani Magharibi iliingia katika jumuiya ya kijeshi ya NATO mwaka 1955, na mwaka huo huo Ujerumani Mashariki ikawa katika Mkataba wa Warsaw chini ya Warusi. Serikali ya Bonn ilidai kwamba yenyewe tu ndiyo inayowasemea Wajerumani wote. Ili dai hilo lishike, iliweka kanuni iliyopewa jina la ofisa wake Hallstein: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa kuwa imefanya uadui, na Bonn itavunja nayo uhusiano. Ilikuwa silaha nzuri dhidi ya nchi maskini, kwa kuwa Bonn ilikuwa na fedha na wale wa mashariki walikuwa nazo kidogo.

Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, iliitambua Ujerumani Mashariki. Wajerumani hao wakafungua ubalozi Unguja na kuanza kusaidia, hata kujenga majumba ya kuishi watu. Tanganyika kwa upande wake ilikuwa rafiki wa Bonn, ikipokea misaada yake, na Wajerumani Magharibi walikuwa wamekubali kuifundisha nchi kuunda jeshi la anga na kikosi cha majini. Tarehe 26 Aprili nchi mbili zikawa moja, na nchi hiyo moja ikajikuta na Wajerumani wa aina mbili, kila mmoja akidai mwenzake afukuzwe.

Msomaji ajiweke mahali pa Mwalimu. Akiufunga ubalozi wa Unguja, Mzee Karume na wenzake wataona kwamba muungano wenyewe ni kamba ya kuwaburuta. Akiuacha, anapoteza marubani, ndege na fedha katika mwaka ambao ameona kwa macho yake nchi isiyo na jeshi la kutegemewa inavyokuwa. Mazungumzo yakachukua miezi. Mwezi Februari 1965 alitoa uamuzi wa katikati: ubalozi wa Unguja utaondoka, Ujerumani Mashariki itakuwa na konseli kuu tu Dar es Salaam, na Tanzania haitaitambua kama dola. Sisi tunaona kwamba Bonn ilipewa karibu yote iliyotaka.

Bonn haikuridhika. Wiki hiyo hiyo Misri ilikuwa ikimpokea kwa heshima kiongozi wa Ujerumani Mashariki, Walter Ulbricht, na serikali ya Erhard ilitaka kuonyesha mahali fulani kwamba kanuni yake bado ina meno. Ikawaondoa ghafla wakufunzi wake wa kijeshi Tanzania. Ilidhani, bila shaka, kwamba msaada wa maendeleo uliobaki ungetosha kumfundisha Mwalimu adabu. Yeye akawaambia wauondoe wote. Alieleza kwamba msaada unaoweza kukatwa ili kuibadilisha sera ya nchi unakuwa hatamu shingoni, na kwamba taifa haliwezi kuuza haki ya kuwachagua marafiki wake, hata kwa bei nzuri.

Watu wengi wakati ule walimwona mkaidi, na hawakukosa hoja. Nchi ilikuwa na mainjinia wa kuhesabu kwa vidole, na watoto wa vijiji vya Mugumu na Nyamongo hawakula heshima. Lakini angalia kilichofuata. Kazi ya kulifundisha jeshi la anga ikachukuliwa na Kanada, ambayo ni mwanachama wa NATO kama Ujerumani Magharibi yenyewe. Wachina walikuwa wameshaanza kufundisha askari wa nchi kavu. Hivyo kwa miaka kadhaa Mkanada na Mchina walifundisha jeshi moja, jambo ambalo mahali pengine duniani lingeonekana kichekesho. Na kanuni ya Hallstein? Bonn yenyewe iliitupa. Mwaka 1973 Ujerumani zote mbili ziliingia Umoja wa Mataifa.

Mwisho wa mwaka 1965 ikaja zamu ya Uingereza. Tarehe 11 Novemba walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao wa wachache. Nchi za OAU zikakubaliana kwamba kama London haitauvunja uasi huo ifikapo tarehe 15 Desemba, zitakata uhusiano nayo. Tarehe ilipofika nchi nyingi zilikumbuka ghafla sababu za kungoja. Tanzania ilikuwa miongoni mwa chache zilizotimiza ahadi, ikapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Hata hivyo haikujitoa Jumuiya ya Madola, kwani Mwalimu aliona kwamba meza ile si mali ya Waingereza peke yao. Uhusiano ulirudishwa mwaka 1968.

Ugomvi wake na NATO ulikuwa juu ya Ureno. Ureno ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoianzisha jumuiya hiyo mwaka 1949, na wakati huo huo ilikuwa ikipigana kuzishikilia Angola, Msumbiji na Guinea. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, ikaanza vita mwaka 1964 ikitegemea kambi zilizokuwa Tanzania. Silaha ambazo Ureno ilizipata kama mwanachama zilipaswa kuilinda Ulaya, lakini ndege za kivita aina ya Fiat ilizozinunua kutoka Ujerumani Magharibi zilionekana katika anga la Msumbiji. Mwalimu alikwenda kulisema jambo hilo katika nyumba za wenyewe. Oktoba 1969, akiwa Toronto, aliwaeleza Wakanada kwamba wapigania uhuru wanakwenda kuomba silaha Mashariki kwa sababu Magharibi imewanyima, na kwamba anayepokea bunduki ya Mrusi hageuki kuwa Mrusi. Februari mwaka huo Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alikuwa ameuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu.

Je, yeye mwenyewe hakufungamana? Hapa hatuwezi kumsifu tu. Kadiri miaka ilivyokwenda, Uchina ikawa ndiyo mpaji mkubwa wa silaha zake, na reli ya TAZARA, kilometa 1,860, ilijengwa na Wachina baada ya nchi za Magharibi kukataa kazi hiyo. Kukataa hatamu ya mmoja hakumwondolei mtu deni kwa mwingine. Kisha mwaka 1968, tarehe 13 Aprili, Tanzania ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Biafra, iliyotaka kujitenga na Nigeria. Nigeria ile ile iliyotuma askari kuilinda Dar es Salaam! Na aliyefanya hivyo ni yule yule aliyewaambia wenzake Cairo waiheshimu mipaka. Mwalimu alisukumwa na vifo vya Waibo, akaona kwamba dola lisiloweza kuwalinda watu wake limepoteza haki ya kudai utii wao. Tunaiheshimu dhamiri hiyo. Lakini Nigeria iliumia, na hakuna aliyejua kueleza kwa nini kanuni ya Cairo ilifaa Sirari isifae Enugu.

Ndani ya nchi pia, serikali iliyodai uhuru wa kuchagua kwa mataifa iliwaweka raia kizuizini bila mashtaka, na wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikibomolewa. Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri mwaka 2005, na Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu. Uchunguzi wa namna hiyo huyasikiliza pia mambo magumu, nasi hatuoni faida ya kuyaficha.

Mtihani wa mwisho wa sera yake ulikuja kwenye nyuzi ile ile 1 kusini, sasa ng'ambo ya ziwa. Idi Amin, aliyempindua Milton Obote mwaka 1971 na kuchukizwa kwamba Obote amepewa hifadhi Tanzania, alidai kwamba mpaka halisi ni mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliivamia ardhi iliyo kati ya mpaka na mto, yakaua, yakapora, yakatangaza kwamba ni ya Uganda. Hapa ndipo tungetarajia marafiki waonekane. OAU ilitaka kupatanisha, lakini ilishindwa kumlaani mvamizi. Kanali Gaddafi wa Libya akapeleka askari kumsaidia Amin, na ndege yake iliyotumwa kuipiga Mwanza ikaangusha mabomu kisiwani Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Nchi isiyofungamana na upande wowote haikuwa na mkataba wa kumwita mtu.

Ilikwenda yenyewe. Wanamgambo waliitwa kutoka mikoa yote, mabasi na malori ya mashirika yakachukuliwa, na wana wa Mara walikuwa wengi mstarini kama walivyokuwa katika jeshi la mkoloni, safari hii chini ya makamanda wao. Mmoja wa waliosifika ni David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, ambaye baadaye alikuwa Mkuu wa Majeshi. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Julai mwaka huo, katika mkutano wa OAU Monrovia, kulikuwa na viongozi waliomlaumu Mwalimu kwa kuvuka mpaka wa nchi nyingine, yaani kwa kuivunja kanuni yake mwenyewe. Alijibu kwamba aliyeanza kuivunja alijulikana, na kwamba walinyamaza alipoivunja.

Gharama ya vita inatajwa kuwa kiasi cha dola milioni 500, na hakuna aliyeirudisha. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita na mikanda haikulegezwa. Waliokuwa watu wazima Tarime na Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka foleni za sukari, sabuni iliyokatwa vipande, na chumvi iliyovushwa kwa magendo kutoka Kenya kwa njia za panya. Wapo wazee wanaosema heshima ya nchi ilistahili bei hiyo. Wapo pia wanaosema bei iliwekwa na mtu mmoja na kulipwa na wengine. Tumewasikia wote wawili, na wote wawili walipeleka watoto wao vitani.

Alistaafu urais Novemba 1985, akarudi Butiama kulima. Kuanzia mwaka 1996 alikubali kuwapatanisha Warundi, akiketi nao Arusha mwezi baada ya mwezi, wengi wao wakimshuku kwamba anapendelea upande mmoja. Ugonjwa wa saratani ya damu ulimkuta katikati ya kazi hiyo. Alifariki hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama tarehe 23. Nelson Mandela alichukua nafasi yake katika mazungumzo, na mkataba wa amani wa Burundi ukasainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000.